Mwaka wa Bweha

Juma lililopita nilisimama sebuleni kwa Atieno, kule Elgon View, mbele ya watu waliojaa mpaka kwenye veranda, nikashindwa kusema nilichokusudia. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza maombi alikuwa ameuliza kama yuko mtu aliyemjua marehemu miaka ile ya zamani, mji ukiwa bado mdogo. Atieno akanitazama, basi nikainuka. Nilisema kwamba mama yake aliwahi kunitunza nikiwa mtoto mgonjwa, kwamba alikuwa mtu mwema, na kwamba Mungu amlaze mahali pema. Nikaketi. Watu wakaitikia amina, mwanamke aliyekaa kando yangu akanisogezea kikombe cha chai kana kwamba nimetoka safari ndefu. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na kusimama mbele ya watu ndiyo kazi niliyoizoea kuliko zote. Lakini kile nilichotaka kusema kilihitaji mbwa watatu, na bweha, na hofu ya miezi mingi, na hakuna mtu anayesimama kwenye maombi ya msiba akaanza kusimulia mbwa. Kwa hiyo nimeketi kuyaandika, na nitaanzia kwa mbwa, kwa sababu wao ndio walionipeleka kwa Mama Atieno.

Nilikuwa darasa la sita, huko kwetu Ziwa. Habari za ukoo wetu na jinsi tulivyopata shamba zinaweza kungoja. Mbwa walikuwa watatu na walikuwa wangu, maana yake ni kwamba baba aliwaita wa nyumbani lakini mimi ndiye niliyewapa chakula, nikawatoa kupe, nikajua nani anaumwa mguu. Bosi alikuwa mkubwa, rangi ya mabua makavu, sikio moja limechanika. Taiga alikuwa mwembamba, mwenye milia hafifu mgongoni, na sijapata kuona tena mbwa mwenye mbio kama zake. Suzi alikuwa mdogo, mweusi, jike, na pua yake ndiyo iliyotulisha. Mahindi yakishavunwa, sungura walibaki bila mahali pa kujificha, na Jumamosi asubuhi tuliondoka mimi na Njoroge, mtoto wa jirani yetu mwenye duka, tukakata shamba hadi shamba mpaka kwenye miti ya miwati kando ya mto. Suzi alishusha kichwa, akaenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Halafu mkia ulikakamaa. Kuanzia hapo ilikuwa kelele, Taiga akimkata sungura njia na kumgeuza, Bosi akingoja upande wa pili kwa utulivu wa mzee aliyekwisha kujua mambo yatakavyokwenda. Sungura tulimchoma mtoni kwa chumvi aliyoiba Njoroge dukani kwao. Mifupa ilikuwa ya mbwa. Nikikumbuka furaha leo, hiyo ndiyo ninayoikumbuka, na ndiyo maana mpaka sasa furaha kamili hunitia wasiwasi kidogo.

Siku ya bweha, Suzi hakuja. Alikuwa amechomwa na mwiba kwenye wayo, anachechemea, nikamwacha amelala chini ya ghala la mahindi. Tulikuwa hatujafika mtoni wakati Njoroge aliponishika mkono. Mbele yetu, jua likiwa juu kabisa, bweha alikuwa anakuja. Bweha ukimwona mchana unamwona mgongo, anakimbia. Huyu alikuwa anatujia sisi, moja kwa moja, mdomo wazi, hatazami mbwa wala watu, kama mtu aliyetumwa.

"Mbona hakimbii?" Njoroge akaniuliza kwa sauti ya chini.

Bosi alikuwa ameshamrukia. Nilikimbilia pale na rungu langu, nikajikwaa kwenye mtaro wa plau, nikaanguka katikati ya vita yao, na kitu cha moto kikanishika chini ya sikio. Kilishika na kuachia. Njoroge ndiye aliyempiga bweha kichwani mpaka akatulia. Bosi alikuwa na jeraha kwenye pua. Taiga alikuwa na damu mdomoni, lakini hatukujua ni yake au ya nani. Tulimvuta bweha kwa mkia, tukamtupa kwenye shimo la muhanga, tukasukumia udongo, na huko nyumbani mama akaniosha kidonda kwa maji moto na chumvi huku akinigombeza. Baba alitazama, akagusa kidogo kwa kidole. "Alikuwa mzee huyo," akasema. "Meno yake hayana nguvu." Kidonda kikafunga. Nikarudi shuleni nikiwa shujaa wa darasa, na kila aliyetaka alionyeshwa kovu.

Mvua zilikuwa zimeanza na watu wako mashambani wakipanda wakati sauti ya Bosi ilipobadilika. Ndiyo kitu cha kwanza nilichokigundua, kabla ya wakubwa. Alibweka na mwisho wa kubweka ukavutika juu, ukawa kama kilio cha mtu aliyeitwa kwa mbali. Halafu akaacha chakula. Nilimwona akitafuna mti wa ua, akila udongo. Nilijiambia ana minyoo. Nilimpelekea maziwa nyuma ya ghala, akayatazama, na koo lake likaruka, akarudi nyuma kama aliyechapwa. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimechuchumaa mbele yake na bakuli, namwita jina lake polepole, na yeye akainua macho akanitazama. Nilikuwa nimemlea tangu anatambaa. Hakunijua. Baba alinishika shati kutoka nyuma akanivuta kwa nguvu hadi nikaanguka chali, akanibeba hivyo hivyo mpaka jikoni, akafunga mlango kwa nje.

Mama alikuwa anakoroga uji. Tulimsikia baba akimwita Baba Njoroge kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulisikia miguu ikikimbia, halafu baba akisema, "Kaa upande huo, usimkaribie." Halafu Bosi alilia mara moja, na baba akasema kitu, nadhani ni jina lake. Uji ulichemka ukafurika, ukazima kuni za mbele, na mama hakuushusha. Nilipomwangalia nikaona haangalii uji wala mlango. Anaangalia chini ya sikio langu. Baba alipoingia, mikono bado imelowa, naye aliangalia hapo hapo. Nilikuwa mtoto, lakini niliyaelewa macho yao kama mtu anavyoelewa jina lake likitajwa.

Bwana wa mifugo alikuja na baiskeli mchana huo huo. Aliuliza maswali yake uani, mimi nikiwa nimesimama karibu. Alitaka mbwa wote wawili waliobaki wauawe. Baba Njoroge, ambaye ng'ombe wake walilala ng'ambo ya ua, alisema hilo ndilo la maana, tena leo. Baba akasema atawafunga kamba, kila mmoja mahali pake, na atakayeonyesha dalili atammaliza mwenyewe. Waliendelea kubishana mpaka bwana wa mifugo akageuka akaniona vizuri.

"Na huyu kijana? Alipelekwa hospitali?"

Baba aligeukia ghala, kutafuta kamba.

"Mzee, nakuuliza. Alipelekwa?"

Mjini, daktari aliuliza niling'atwa lini. "Kabla ya mvua," baba akasema. Daktari akaweka kalamu chini. Aligeuza kichwa changu kwa vidole viwili, akatazama kovu, akaongea Kiingereza na nesi aliyesimama nyuma yake, maneno machache, na mimi nilishika moja tu, "late," kwa sababu mwalimu wetu alilitumia kila asubuhi langoni. Nikadhani tumechelewa foleni. Nesi alikuwa mwanamke mrefu, mweusi sana, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele. Alimwambia baba kwamba sindano ni za tumboni, kila siku, bila kuruka hata moja, na akamuuliza tunatoka wapi.

"Ziwa."

"Na hii mvua, mtafika kila siku?"

"Nitamleta kwa mguu ikibidi."

Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaifunga faili iliyokuwa mkononi. "Mzee, mwache kwangu. Nakaa hapo Kimumu. Asubuhi nitakuwa nakuja naye kazini."

"Sista, mimi sikujui," baba akasema, na hakusema kwa ubaya.

"Hata mimi sikujui. Lakini mtoto nimeshamjua."

Ndivyo nilivyofika Kimumu. Wakati huo palikuwa na mashamba zaidi kuliko nyumba, na matope mekundu yaliyovua watu viatu. Mama Atieno aliishi na mumewe na binti yao katika vyumba viwili vya mabati. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, radio juu ya kabati, na picha ya ziwa iliyokatwa kutoka kwenye kalenda. Cha nyuma kiligawanywa kwa pazia, upande mmoja kitanda cha wazazi, upande wa pili cha Atieno. Mimi nilitandikiwa godoro sakafuni upande wa wazazi, chini kabisa ya mahali alipolala Mama Atieno, hivi kwamba akishusha mkono angenigusa. Atieno alihamia kwenye viti vya sebuleni. Alikuwa rika langu, na siku ya pili aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Ziwa, macho yalimng'aa.

"Ziwa gani? Mna mitumbwi?"

"Hakuna maji. Ni jina tu."

"Sasa kwa nini mkaita Ziwa?"

Sikujua. Alicheka mpaka mama yake akamwita jikoni, na nilipomsikia akicheka nilisahau kwa muda kwamba ninaweza kufa.

Maana sasa nilikuwa nimejua. Jioni ya kwanza nilikuwa nje nikiosha miguu kwenye karai, na ukuta wa mabati haufichi kitu. Baba Atieno alikuwa ametoka zamu kiwandani. Walianza kwa Kijaluo, halafu wakaingia Kiswahili, kama watu wanavyofanya wakiwa na hasira.

"Umeniletea mtoto wa kichaa cha mbwa ndani ya nyumba? Na wewe una mtoto wako?"

"Si mgonjwa. Anachomwa sindano."

"Leo si mgonjwa. Na kesho?"

"Kesho mimi nitakuwepo."

"Vikombe vyake vikae kando, basi. Na Atieno asimkaribie."

Nilikaa na miguu kwenye karai mpaka maji yakawa baridi. Kikombe changu kilikuwa cha bati la buluu, kilitundikwa kwenye msumari wake peke yake. Na kuanzia siku hiyo nilianza kujipima. Nilikuwa nimemwona Bosi mbele ya maziwa. Kwa hiyo kila nilipoamka, kabla hata ya kusema shikamoo, nilienda kwenye mtungi, nikachota, nikatazama maji, nikasubiri kuona kama koo litaruka. Nikameza. Yalipopita nilishukuru, halafu kabla sijafika mlangoni nilianza kujiuliza kama yalipita vizuri kama jana. Mchana nilikunywa tena. Nilikunywa maji mengi mwaka ule mpaka Atieno akaniita chura. Kuwashwa kidogo chini ya sikio kulinitoa jasho. Mbwa akibweka mtaani nilisikiliza mwisho wa sauti yake.

Asubuhi tulitembea pamoja, mimi na Mama Atieno, yeye na mwavuli na gauni lake jeupe limekunjwa mkobani ili lisichafuke. Njiani aliniuliza habari za mbwa. Hakuna mkubwa mwingine aliyeniuliza. Alitaka kujua nani alikuwa na mbio, nani mwizi, kama Suzi anamnusa sungura au anamsikia. Nikawa namweleza mpaka langoni, na nikiwa bado katikati ya habari nilijikuta nimelala kwenye meza, shati juu, na yeye ana sindano. Sindano ile iliuma kuliko bweha. Tumbo lilivimba, likawa gumu, nikalala chali na kuinuka kwa kujishikilia ukuta. "Malizia," aliniambia huku akichoma. "Taiga akafanya nini?" Na mimi, meno yamekazwa, nilimalizia.

Chakula kilinipa shida. Kwetu hatukula samaki, na kwa Mama Atieno kulikuwa na samaki kama kwetu kulivyokuwa na maziwa. Nilikula ugali na mboga, nikasukuma kando vile vinyama vyenye macho, mpaka Jumapili moja Atieno alipotoka mchezoni akaniambia kwamba naogopa samaki aliyekufa wakati nilipigana na bweha aliye hai. Nikala. Nyama ilikuwa tamu, nikala kwa haraka ili nimwonyeshe, na kitu kikanichoma kooni. Nilijaribu kumeza, hakikwenda. Nikachukua maji, nikanywa, koo likaruka na maji yakatoka puani.

Nilijua ndiyo hiyo. Nilianguka kutoka kwenye kiti. Mate yalikuwa yananitoka na siwezi kuyameza, na nilimwona Atieno amesimama ukutani, mikono masikioni. Mama yake alikuwa kazini. Baba Atieno aliinuka, na nilidhani anakimbia. Aliniangukia kwa magoti, akanishika taya, akasema, "Fungua. Fungua mdomo." Nilitikisa kichwa, kwa sababu nilikumbuka meno ya Bosi, nikaogopa kumng'ata. "Fungua, mwanangu." Akaingiza vidole viwili, vinene, vinanuka mafuta ya mashine, akavizungusha ndani kabisa, nikatapika mkononi mwake, na alipovitoa alikuwa ameshika mwiba wa samaki. Aliuinua kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa anahema kuliko mimi. Kisha alitoka nje, na nilimsikia akinawa kwa sabuni, akamwaga, akanawa tena, akamwaga, muda mrefu. Aliporudi alikata tonge kubwa la ugali akanipa. "Meza bila kutafuna. Lisukume kilichobaki." Halafu akakitoa kikombe cha buluu kwenye msumari wake, akakiweka ndani ya karai pamoja na vingine. Hakusema lolote kuhusu jambo hilo, siku ile wala baadaye, na alikufa miaka mingi iliyopita kabla sijapata umri wa kumshukuru inavyofaa.

Baba alikuja kila alipopata lori la maziwa la kuja mjini. Alileta mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kibuyu, akakaa ukingoni mwa kiti chenye kitambaa kama anayeogopa kukichafua. Swali langu lilikuwa moja.

"Mbwa wako aje?"

"Wako," alijibu, mara ya kwanza.

Mara ya pili aliniambia, "Suzi mguu wake umepona." Nilisubiri aongeze. Hakuongeza, na nikatumwa dukani kununua majani ya chai. Nilirudi upesi kuliko walivyotarajia.

"Yule mwingine nilimmaliza," baba alikuwa anamwambia Mama Atieno. "Alikataa kula. Jirani akaja na watu. Sijui kama alikuwa mgonjwa, sista. Labda alikuwa anasikitika tu. Sikuweza kungoja kujua."

"Basi umefanya vizuri."

"Usimwambie kijana. Atakufa moyo."

Niliingia, nikaweka majani ya chai mezani, nikampa Mama Atieno chenji, na wote watatu tukaongea juu ya mvua. Nilikuwa nimejifunza kwao jinsi ya kunyamaza. Kesho yake njiani Mama Atieno aliniuliza, kama kawaida, Taiga alifanya nini siku ile tuliyomfukuza paa. Nilimwambia. Nilimwambia Taiga alivyoruka mto bila kugusa maji, ingawa ukweli ni kwamba aligusa. Aliendelea kutazama mbele, mwavuli umeinama upande wangu zaidi kuliko wake, bega lake linalowa.

Sindano ziliisha, lakini hakunirudisha nyumbani. Alimwambia baba nibaki kidogo, barabara ni mbaya, tumbo bado limevimba, na baadaye akasema shule ya hapo jirani imekubali nisome na Atieno mpaka muhula uishe. Baba alikubali kila neno. Mimi nilidhani wananipenda tu, na nilianza kuzoea, hata samaki. Kitu kimoja kilinishangaza. Mama Atieno aliniamsha. Asubuhi mapema, kabla mwanga haujaingia vizuri, mkono wake ulishuka kutoka kitandani ukanigusa paji la uso, ukashuka kwenye shavu, ukakaa chini ya sikio. "Umelala vizuri? Kichwa? Hapa panawasha?" Nikasema hapana. "Njoo tunywe maji." Tulikunywa pamoja, yeye akinitazama juu ya ukingo wa kikombe chake. Nilidhani ndivyo manesi wanavyoishi na watoto wao.

Nilirudi Ziwa mahindi yakiwa yamenipita kimo. Baba alinipeleka kwenye banda la zamani la ndama, na humo, kwenye kamba, alikuwa Suzi. Alinusa hewa kabla hajaniona, akaanza kulia na kujigonga ubaoni. Sikuingia. Baba aliniambia Baba Njoroge amekubali mbwa abaki hai kwa sharti kwamba hafunguliwi mpaka mavuno, na kwamba mimi ndiye nitakayemlisha, kwa ubao mrefu. Kwa hiyo miezi ile yote nilimsukumia bakuli kwa ubao, na kila siku nilisimama nikitazama kama atakunywa, nikisikiliza sauti yake, naye akinitazama kwa macho yale yale ya zamani, hajui kwa nini sisogei. Wakati mwingine alilala na pua imeelekea mtoni. Njoroge alikuja, tukakaa juu ya ua wala hatukuongea juu ya kuwinda.

Mavuno yalipoisha, Baba Njoroge mwenyewe alikuja uani. Alikuwa ameleta mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka dukani, ameufunga kwa gazeti. Alisimama, akajikuna kichwa. "Sasa," akasema, "si tumtoe huyu mama?" Baba akanipa kisu. "Kata wewe."

Niliingia. Nilikuwa nimengoja siku ile nusu ya mwaka, na nikakata kwa haraka mpaka nikamkata Suzi manyoya ya shingoni. Kamba ilianguka. Hakukimbia. Alisimama pale pale, hajui kwamba yuko huru, halafu akanilamba kidole, na mimi nikauondoa mkono wangu kwa ghafla, nikaenda nikaunawa kwa sabuni. Nilipogeuka alikuwa ameketi mlangoni ananingoja. Nililia mbele ya wanaume wawili. Hakuna aliyenicheka. Suzi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanenepa, akawa mbwa wa jikoni kwa mama. Sungura walipita hata uani, na sisi wawili tukawatazama wakipita.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa naijua, nami ningeiandika hivyo tu kama nisingeingia jikoni kwa Atieno baada ya maombi. Nilienda kumuaga. Mwili ulikuwa uondoke kesho yake alfajiri kwenda kwao, upande wa ziwa la kweli, na watu walikuwa wanapanga magari. Atieno alikuwa amesimama peke yake kando ya sinki, amevua viatu. Nilimwomba msamaha kwa kusema maneno machache. Nikamwambia mama yake aliniokoa kwa kuniepusha na ile barabara ya Ziwa.

Alinitazama. "Barabara?"

"Si ndiyo sababu alinichukua? Kwa ajili ya mvua."

"Kiplagat," akasema, "hakuwahi kukuambia?"

Akanivutia kiti. Akaniambia kwamba siku ile daktari alisema nimeletwa nikiwa nimechelewa sana, na kwamba jeraha liko karibu mno na kichwa. Sindano zingechomwa, lakini yeye hatarajii nipone. Mama yake alikuwa ameshawahi kumwuguza mtu wa ugonjwa huo. Aliwekwa chumba cha peke yake, amefungwa mikono kitandani, mlango umefungwa, na ndugu zake wakaogopa kuingia. Alikufa akiita watu.

"Mama alimwambia baba, mtoto huyu sindano zikishindwa, ugonjwa usimwanzie huko hospitali, hajui mtu. Umwanzie nyumbani, kuna mtu amemshika. Hakukuchukua ili upone. Kupona alimwachia Mungu na hizo sindano. Alikuchukua ili usife peke yako."

Nje mtu aliita jina lake, akauliza kuhusu mafuta ya basi.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Aliniambia kabla hujaingia kwa mlango. Aliniambia nicheze na wewe, ila ukianza kuogopa maji nikimbie nimwite."

"Ndiyo maana uliniita chura."

"Nilikuwa nahesabu vikombe vyako. Kila ukinywa, nilienda kumwambia." Alijifuta macho kwa kiganja. "Alianza kulala vizuri ulipofika darasa la saba. Na hata hapo, ukija kututembelea, si unakumbuka alikuwa anakupa nini kwanza mlangoni?"

Nilikumbuka kikombe cha maji. Miaka yote hiyo nilidhani ni adabu za kwao.

Nilitoka nje, nikasimama kati ya magari, nikampigia mke wangu simu. Nilimwambia sirudi jioni ile, nimepata nafasi kwenye basi la msiba, ninaenda mpaka kaburini.

"Lakini si ulisema ni nesi tu aliyekutibu zamani?"

"Ndivyo nilivyojua," nikamwambia.